Tusililie kila "the", lakini "could have" tusiichezee

Leo hatuandiki juu ya maji, wala mgao, wala kuni. Leo tunaandika juu ya sarufi ya Kiingereza. Msikimbie, someni mpaka mwisho ndipo mseme kama tumekosea.

Maoni yetu ni haya. Katika masomo ya Kiingereza tunayopeana sisi kwa sisi, nguvu nyingi tunazipeleka mahali ambapo hapana hatari, na mahali penye hatari tunapita mbiombio. Mtu akisahau kuweka "the", darasa zima linacheka. Lakini mtu akisema "I could go back to my village" akitaka kusema kwamba aliwahi kurudi kijijini mara moja kuchukua watoto, hakuna anayemgusa, juu sentensi yenyewe inasikika safi. Kumbe hiyo safi ndiyo inayoweza kumharibia. Anayesoma ataelewa: huyu anaweza kurudi kwao. Sasa tuulizane, kosa kubwa ni lipi hapo?

Kwanza tujibu wale wanaouliza: Kiingereza cha nini Burundi? Sokoni ni Kirundi, ofisini ni Kifaransa, na sisi kati yetu ni Kiswahili. Swali lina haki yake. Lakini Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mkataba wa Jumuiya hiyo wa 1999 uliandikwa na Kiingereza kama lugha rasmi, Kiswahili kikiwa lugha ya kuendelezwa. Mwaka 2014 sheria ya Burundi ikakipa Kiingereza nafasi ya lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Kutoka Muyinga mjini mpaka mpaka wa Kobero si safari ndefu, na ukivuka uko Tanzania. Wenzetu wa Gitega wanaopanga vyumba mjini na kutafuta kazi wanakutana na matangazo yanayotaka mtu anayejua Kifaransa "na Kiingereza". Wenzetu wa kambi ya Kinama, huko Gasorwe, wanajaza fomu za ufadhili wa masomo, na nyingi zina ukurasa wa Kiingereza: eleza maisha yako kwa maneno mia tatu. Na faili la mtu anayefikiriwa kupelekwa nchi ya tatu, hata kama mahojiano yalifanyika kwa Kiswahili, mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli Marekani ilisimamisha programu yake ya kupokea wakimbizi Januari 2025, na wengi wetu tunajua maumivu ya hiyo. Lakini faili halifutiki. Maneno yaliyoandikwa humo yanabaki, na siku yakifunguliwa tena, ndiyo yatakayosomwa.

Basi tuanze na lile linalotuchekesha.

Kiingereza kina vineno vidogo viwili, "a" na "the", na mara nyingine hakuna kitu kabisa. Kiswahili hakina. Kirundi hakina. Na si sisi peke yetu: Kirusi hakina, Kichina hakina, Kijapani hakina, na Warusi na Wachina na Wajapani wanahangaika navyo vilevile. Kwa hiyo wa kwanza atakayemwambia mwenzake "wewe kichwa kigumu" kwa ajili ya "the", aanze na kuiambia nusu ya dunia.

Tena hatuko mikono mitupu. Mtu akisema "nimesoma kitabu", tunasikia kitabu chochote. Akisema "nimekisoma kitabu", tunajua ni kile ambacho tulishakizungumza. Babu akianza hadithi husema "kulikuwa na mtu mmoja", halafu anaendelea "yule mtu akaenda". Na sisi wa kutoka Kivu tunasema "mutu moya", kisha "ile mutu". Kazi ya "moya" hapo ni kazi ya "a". Kazi ya "ile" ni kazi ya "the". Na sikilizeni hii: zamani za kale Waingereza wenyewe walikuwa hivyohivyo. "An" ilitoka kwenye neno la kuhesabu moja, na "the" ilitoka kwenye neno la kuonyesha, kama "yule" na "ile" yetu. Kwa karne nyingi maneno hayo yalichakaa yakawa mafupi. Kwa hiyo mwalimu anayesema Kiswahili kifukuzwe kwenye darasa la Kiingereza anatunyang'anya daraja, halafu anatuambia turuke mto.

Maswali matatu yanatosha kwa mwanzo. La kwanza: je, anayenisikiliza anajua ni kipi ninachosema? Kama ndiyo, weka "the". La pili: kama hajui, je, ni kitu kimoja kinachohesabika, nakitaja mara ya kwanza? Weka "a". La tatu: je, nasema kwa jumla, au kitu chenyewe hakihesabiki? Usiweke kitu. Ndiyo maana tunasema "Life is hard", maisha kwa jumla, na "I need information", juu Kiingereza hakihesabu habari moja, habari mbili.

Hapo tuliosoma kwa Kifaransa tuna mtego wetu. Kifaransa husema "la vie est difficile", nasi tunaandika "The life is hard". Kifaransa husema "il est professeur" bila kineno, nasi tunaandika "He is teacher", wakati Kiingereza kinataka "He is a teacher". Kifaransa kinahesabu habari, "une information", nasi tunaandika "an information". Mitego hii ina wenyewe. Ukijua inatoka wapi, inapungua.

Na "a" au "an" inafuata sikio, haifuati jicho. Tunaandika "an NGO" kwa sababu mdomo unaanza na "en". Tunaandika "a UN car" kwa sababu mdomo unaanza na "yu", hata kama jicho linaona U. "An hour", kwa sababu H hiyo imenyamaza. Wahudumu wa mashirika, hilo mnaandika kila siku, nasi tunalisoma kwenye magari yenu.

Lakini tuseme ukweli: mara nyingi ukisahau kineno hicho, hakuna kinachoharibika. "I went to market with sister" ina makosa mawili, na kila mtu ameelewa. Kwa hiyo tusililie kila "the". Kuna mahali patatu tu ambapo tunaomba kila mmoja awe macho.

Pa kwanza ni pale mtu yuleyule anapotajwa mara mbili. Tuchukue mfano. "A soldier came to our house. A soldier beat my uncle." Kwa masikio yetu, askari alikuja, askari akampiga mjomba, ni mmoja. Kwa msomaji wa Kiingereza, hao ni wawili: mmoja alikuja, mwingine akapiga. Miezi sita baadaye mtu huyo anaulizwa tena, anasema "the soldier", mmoja. Aliye upande wa pili wa meza anaweka faili mbili pamoja anasema: mara ya kwanza walikuwa wawili, sasa ni mmoja, hadithi imebadilika. Hadithi haikubadilika. Kineno ndicho kilichobadilika. Kwa hiyo tujifunze kama wimbo: wa kwanza "a", akirudi "the".

Pa pili ni "few" na "a few", "little" na "a little". "We received a little food" maana yake tulipata chakula kidogo, si haba, angalau kitu. "We received little food" maana yake chakula kilikuwa kidogo mno, hakikutosha. Hapo kineno cha herufi moja kinageuza lalamiko kuwa shukrani. Kikundi cha vijana kikiandikia shirika "we have a few problems", msomaji anapumua: ah, shida chache tu. Kikiandika "few people help us", msomaji anasikia: karibu hakuna anayetusaidia. Ukiandika barua ya kuomba kitu, soma hapo mara mbili.

Pa tatu ni majengo. "He was in prison" ni kusema alikuwa mfungwa. "He was in the prison" ni kusema alikuwa ndani ya lile jengo. Huenda alikwenda kumpelekea mtu chakula, huenda ni mlinzi. "She goes to school" ni mwanafunzi. "She went to the school" alikwenda pale shuleni, labda kuongea na mwalimu. Kwa hospitali Waingereza hutofautisha hivyohivyo, lakini Wamarekani husema "in the hospital" hata kwa mgonjwa aliyelazwa, kwa hiyo hapo usiumize kichwa. Kwenye gereza lakini umiza kichwa. Kaka aliyefungwa na kaka aliyepita gerezani si kaka mmoja kwenye karatasi.

Hayo matatu yakikaa kichwani, mengine yatakuja polepole. Sasa twende kwenye lenye hatari zaidi.

Kiingereza kina vitenzi vidogo vinavyoonyesha uwezo, wajibu, au kukisia: can, could, may, might, must, should, would. Vikipelekwa kwenye wakati uliopita vinashika "have" na kitenzi cha umbo la tatu: could have gone, must have seen. "Have" hiyo haibadiliki hata kama ni yeye: "he could have", kamwe si "he could has" wala "he could had". Na ukisikia "should of", ni "should've" iliyoingia vibaya sikioni. Hata Waingereza wenyewe wanaandika hivyo, msiwaige.

Umbo si gumu. Maana ndiyo yenye kazi. Tuziweke moja moja kwa Kiswahili chetu.

"They could have killed us." Wangaliweza kutuua, lakini hawakutuua. Nafasi ilikuwepo, tendo halikutokea.

"They may have killed him", au "might have". Huenda walimuua, hatujui mpaka leo.

"They must have killed him." Bila shaka walimuua. Hatukuona, lakini tulichokiona kinatupeleka huko: nyumba imefunguliwa, viatu vyake viko mlangoni, yeye hayupo tangu siku ile. Kiswahili kina njia yake nzuri hapa: "watakuwa wamemuua".

"They had to leave." Ilibidi waondoke, walilazimika, na waliondoka kweli. Hii si kukisia.

"They should have protected us." Walipaswa kutulinda, na hawakutulinda. Ndani yake mna lawama.

"They would have killed us." Wangalituua, kama jambo fulani lingalitokea. Kwa mfano kama tungalilala pale.

"We needn't have run." Haikuwa lazima kukimbia, lakini tulikimbia. Na "we didn't need to run" ni kusema haikuwa lazima tu. Tulikimbia au hatukukimbia, sentensi haisemi.

"He can't have been there." Haiwezekani awe alikuwa pale.

Angalieni sasa umbali kati ya sentensi ya kwanza na ya tatu. "Could have killed": mtu yuko hai. "Must have killed": mtu tunamhesabu amekufa. Neno moja tu limebadilika. Hiyo ndiyo tunayosema tusiichezee.

Kifaransa hapa nacho kinatusukuma shimoni. "Il a dû partir" kina maana mbili: ilibidi aondoke, au atakuwa ameondoka. Mfaransa anajua kwa mazungumzo yanayozunguka. Lakini ukikipeleka Kiingereza ni lazima uchague: "he had to leave" au "he must have left". Ya kwanza unasema unajua, ya pili unasema unakisia. Wanaotafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa, halafu mtu mwingine kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, wanapita kwenye tope hilo mara mbili.

Na Kiswahili chetu wenyewe kina tope. Vitabu vya sarufi vinatufundisha "-nge-" kwa jambo ambalo bado linawezekana, na "-ngali-" kwa jambo lililopita na mlango wake umefungwa. Lakini mdomoni, nani anafuata hivyo kila siku? Tunasema "ungeniambia ningekuja" kwa sherehe iliyokwisha jana. Kwa sherehe, sawa tu. Lakini chukueni sentensi hii: "Tungerudi wangetuua." Ina maana mbili. Moja: kama tungalirudi wakati ule, wangalituua, "if we had gone back, they would have killed us". Ya pili: hata leo tukirudi watatuua, "if we went back, they would kill us". Mkalimani ana sekunde mbili za kuchagua.

Na uchaguzi huo si wa mwanafunzi kupata kumi na mbili au kumi na nne juu ya ishirini. Mkataba wa Geneva wa 1951 unamtambua mkimbizi kwa hofu yenye msingi ya kuteswa, na hofu inatazama mbele. Yaliyotokea zamani yanasaidia kuonyesha kwamba hofu ina msingi, lakini swali linaloulizwa ni: ukirudi, itakuwaje? Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ulipanua mlango kwa wanaokimbia vita na machafuko, na wengi wetu tulipitia mlango huo. Hata hivyo, kwenye mahojiano ya mtu mmoja mmoja, hofu yako ikiandikwa "would have", imekuwa hofu ya zamani, kama mvua iliyokwisha kunyesha. Ikiandikwa "would", bado wingu liko juu.

Ushauri wetu ni rahisi na hauna gharama. Ukisema "-nge-", tia neno la wakati. "Wakati ule tungerudi." "Hata leo tukirudi." Usimwachie mkalimani akuchagulie. Kufanya hivyo si kumdharau. Ni kumpunguzia mzigo. Wakalimani wengi ni vijana kama sisi, wanafanya kazi ngumu, tunawaheshimu.

Sasa turudi kwenye "could" peke yake, bila "have". Kwa uwezo wa zamani wa kudumu inafaa: "When I was a child I could swim", nilijua kuogelea Tanganyika yote. Lakini kwa jambo la mara moja lililofanikiwa, Kiingereza kinataka "I was able to" au "I managed to". "I managed to return for my children", niliweza kurudi kuchukua watoto. Ukiweka "I could return", msomaji anasikia ningeweza kurudi, yaani mlango uko wazi. Kwa kukana hakuna shida: "I could not return", sikuweza, imeeleweka.

Tunasikia wenzetu wanasema: bana, sarufi ni ya watu walioshiba, cha muhimu ni kuongea bila haya. Nusu ya maneno hayo tunayakubali. Ukingoja mpaka Kiingereza chako kinyooke ndipo ufungue mdomo, utazeeka kimya. Ongea. Kosea. Kwenye mpira, kwenye simu, kwenye kuchati, Kiingereza chenye vumbi ni Kiingereza tu. Lakini kuna tofauti ya kuongea na kuandikwa. Ukiongea, mwenzako akikuelewa vibaya unaona usoni kwake, unarudia. Ukiandikwa, karatasi inasafiri bila wewe. Inafika kwenye meza ya mtu asiyejua sura yako, na karatasi haina mdomo wa kukutetea.

Wengine wana wasiwasi mwingine, nao tunaupokea kwa uzito: je, hamfundishi watu kutengeneza hadithi? Hapana. Tunasema kinyume chake. Hivi vitenzi ni sarufi ya uaminifu. Aliyeona anasema "they took him". Aliyekisia anasema "they must have taken him". Asiyejua anasema "they may have taken him". Mtu mwenye "took" peke yake kwenye mfuko wake atasema "took" kwa yote matatu, na kesho akiulizwa "ulimwona kwa macho?" atajibu hapana, ataonekana mwongo wakati hakudanganya. Kumfundisha "must have" ni kumpa njia ya kusema ukweli wake kwa kipimo chake, bila kuongeza wala kupunguza.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi, kwanza kwetu vijana. Kwenye vikundi vyetu vya kujisomea, tuanze kila sentensi kwa Kiswahili kutoka maisha yetu, kisha tuitafutie njia mbili tatu za Kiingereza na kujadili tofauti. Tuandike kwenye kaye sentensi tatu kwa siku, zinatosha. Na mazoezi yawe ya mambo mepesi: basi la Kobero lililoondoka, penalti iliyokoswa, ugali ulioungua. "He should have scored." "The bus must have left." "You could have told me." Tafadhali, mtu asilazimishwe kuleta usiku wake mbaya kuliko wote ili darasa lijifunze "had to". Wenzetu waliovuka baada ya Goma kuanguka Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata bado ni wabichi. Sarufi inaweza kujifunzwa kwa mpira, na siku mtu atakapoihitaji kwa jambo zito, itakuwa tayari mdomoni.

Pili, kwenu wahudumu wa mashirika. Hatuombi huruma, tunaomba mambo manne.

Moja: someni tena. Kabla mtu hajatia sahihi au kidole, asomewe kwa lugha yake kilichoandikwa, sentensi kwa sentensi. Kitabu cha HCR cha mwaka 1979 kuhusu taratibu za kumtambua mkimbizi kinasema mwombaji apewe msaada wa mkalimani mwenye uwezo, na kwamba kutafuta ukweli ni kazi ya pande mbili, mwombaji na mchunguzi. Kusoma tena ni sehemu ya upande wenu.

Mbili: ulizeni maswali mawili madogo. "Askari yuleyule, au mwingine?" na "Uliona, au unadhani?" Kuuliza si ujinga. Maswali hayo yanachukua nusu dakika, na yanaweza kuokoa miaka.

Tatu: mnaposoma barua za kuomba ufadhili, msimwangushe mtu kwa sababu ya "the" peke yake. Kijana aliyesoma kwa Kifaransa Kongo, akakutana na Kirundi hapa, na anaandika kwa Kiingereza, ana lugha nne mkononi. Pimeni anachofikiri. Kama maana haieleweki, mwulizeni.

Nne: nanyi mwandike wazi. Tangazo linalosema "You should have received your card" tunalisoma kwa njia mbili. Je, mnadhani tumeshapata kadi? Au mnasema tulipaswa kupata na hatukupata? Andikeni tu: "Kama hujapata kadi, njoo Jumanne." Hapo hata bibi yetu asiyejua Kiingereza atatafsiriwa bila mtu kukwama.

Tunajua sarufi haileti chakula. Lakini mambo mengi ya maisha yetu yanaamuliwa na watu wanaotusoma kabla hawajatuona. Nchi tuliiacha, nyumba tuliiacha, wengine waliacha hata vyeti. Maneno tulikuja nayo. Yakiwekwa kwenye lugha nyingine, tunataka yaseme kile tulichosema sisi.

Zoezi la wiki hii ni hili. Wekeni kwa Kiingereza, na kila mmoja aeleze kwa nini amechagua alivyochagua. Basi litakuwa limeshaondoka. Ilibidi tuondoke usiku. Walipaswa kutupa karatasi, hawakutupa. Huenda mama alipitia Uvira. Niliweza kupata kitambulisho changu. Kulikuwa na mzee mmoja aliyetusaidia. Yule mzee alikuwa mvuvi.

Leteni majibu kwenye kikundi, kwa sauti au kwa maandishi. Wa Gitega msahihishe wa Muyinga, wa Muyinga msahihishe wa Gitega. Na atakayesahau "the" asichekwe.